Si kila kaa mwenye miguu bapa ni Portunidae
Umeuliza kama kaa yeyote mwenye miguu bapa ni wa familia ya Portunidae, yaani kaa waogeleaji. Hapana, usikimbilie jina. Anza na miguu: kaa ana jozi 5, magando yakiwemo. Kwa Portunidae wengi, jozi ya mwisho tu ndiyo iliyobapa kama kasia. Zikibapa zote 4 zinazofuata magando, na gamba likawa mviringo lenye mwiba mrefu kila ubavu, huyo ni wa kundi liitwalo Matuta, la familia nyingine kabisa.

Kisha chukua lenzi, utulie hapa: kagua ukingo wa gamba kutoka jichoni hadi ubavuni. Makundi ya Portunidae hutofautiana kwa meno, yaani ncha za ukingo huo: Scylla na Portunus wana meno 9 kila upande, Charybdis kwa kawaida 6. Rangi usiitegemee, hubadilika mno.