Maswali yenu: Nani kawaambia Wachina hawapendi siasa?

Kwa nini Wachina waliohamia Marekani hawajihusishi na siasa? Ni utamaduni wao, biashara tu? (Msomaji, Morogoro)

Swali hili nimelijibu mara sijui ngapi, na kila likirudi linakuja na huo "utamaduni". Someni sheria kwanza. Ile ya 1882 iliwafungia mlango vibarua wa Kichina, na waliokuwa wameshaingia ikawakatalia uraia. Ilifutwa 1943, na hata hapo walioruhusiwa kuhamia walikuwa 105 kwa mwaka. Asiye raia angepiga kura vipi? Na bado hawakunyamaza. Wong Kim Ark, mpishi mzaliwa wa San Francisco, alikwenda China kusalimia, aliporudi akazuiwa bandarini, eti si raia. Alifungua kesi, akashinda Mahakama ya Juu 1898. Hadi leo uraia wa kuzaliwa ukibishaniwa Marekani, jina lake halikosekani. Hiram Fong wa Hawaii aliingia Seneti 1959. Kanada walipewa kura 1947, na miaka 10 baadaye Douglas Jung alikuwa bungeni.

Wanapiga kura China na huko waliko? (Msomaji, Dodoma)

Hapana. China haitambui uraia pacha, sheria yake ya 1980 inasema hivyo. Mtanzania kuniuliza hili ni ajabu, maana kwetu nako ni hivyo hivyo.

Mchina akigombea ugenini, si katumwa na Beijing? (Msomaji, Mombasa)

Mnachanganya raia wa China na mtu mwenye asili ya Kichina. Jean Ping, baba yake alitoka Wenzhou, mama Mgabon. Aliongoza Kamisheni ya Umoja wa Afrika 2008 hadi 2012, na 2016 akagombea urais Gabon. Huyo naye katumwa? Serikali ya Beijing ishukuni mnavyotaka, sababu zipo. Kumshuku mtu kwa sura yake ni habari nyingine. Amir Jamal, Mtanzania mwenye asili ya Kihindi, alikuwa Waziri wa Fedha wa Nyerere, na mpaka leo tunawauliza vijana wa Kihindi waliozaliwa Kariakoo kwao ni wapi.

Nipo San Francisco. Mchina ninayefanya naye kazi si raia lakini anapiga kura. Nina grini kadi, niende naye?

Hiyo yake ni kura ya bodi ya shule. Wakazi waliwafungulia wazazi wasio raia mwaka 2016. Kama una mtoto wa shule muulize wakili kwanza, maana Uhamiaji wanaweza kuzipata taarifa za waliojiandikisha. Kura ya rais au ya Bunge usiiguse: ni kosa la jinai, na unaweza kufukuzwa nchini. Na ukienda kuchukua leseni ya udereva, ile karatasi yenye kisanduku cha kujiandikisha kupiga kura isome kabla hujatia tiki.