Uvimbe ukitolewa, kinyama kisitupwe

Mtu akigundua uvimbe, swali la kwanza ni "Unauma?" Usipouma, wote wanatulia. Kipimo hicho hakifai. Saratani nyingi zikianza haziumi, ilhali jipu, ambalo si saratani, humkosesha mtu usingizi.

Uvimbe usio saratani kwa kawaida hukua taratibu na kusukuma nyama za jirani bila kuzipenya. Uvimbe wa mafuta mgongoni, kwa mfano, ni laini, na ukiubonyeza pembeni unateleza chini ya kidole. Fibroadenoma, uvimbe mwingine usio saratani unaoota kwenye titi la msichana, nayo hukimbia kidole, ila ni ngumu kama mpira. Saratani hupenya, hung'ang'ania hapo, kisha chembe zake husafiri kwa damu au limfu (majimaji yanayopita kwenye tezi) hadi kwenye tezi za kwapa, ini, mapafu au mifupa. Ngozi ya titi ikiwa na vishimo kama ganda la chungwa, au chuchu ikizama ghafla, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Lakini kidole kinadokeza tu. Zipo saratani zinazoteleza vilevile. Mwamuzi ni darubini, na hapo ndipo mambo huharibika: uvimbe unakatwa kwenye dispensari, kidonda kinashonwa, kinyama kilichotolewa kinatupwa. Ukirudi kuota, hakuna anayejua ulikuwa nini.

Kabla hujapanda kitanda cha upasuaji, uliza kinyama kitapelekwa wapi. Ukikabidhiwa chupa uipeleke mwenyewe maabara ya patholojia, inayochunguza nyama kwa darubini, tuseme hospitali ya KCMC hapa Moshi, itazame. Iwe na mdomo mpana, kwa sababu nyama ikikaa kwenye formalini, dawa ya kuizuia isioze, hukakamaa na haitoki tena kwenye shingo nyembamba. Formalini iwe ya asilimia 10, na ujazo wake angalau mara kumi ya kinyama. Maji ya dripu hayafai, nyama inaoza humo. Uvimbe mkubwa daktari aupasue kwanza, maana dawa huingia polepole, takriban milimita moja kwa saa, na katikati huoza. Jina liandikwe ubavuni mwa chupa. Vifuniko hubadilishana.

Ripoti huja kwa Kiingereza: "benign" si saratani, "malignant" ni saratani. Tunza nakala. "Benign" nayo haimaanishi hauna madhara. Faibroidi za kizazi huweza kumwaga damu ya hedhi hadi mama akaishiwa damu, na uvimbe mdogo ndani ya fuvu hubana ubongo, kwa kuwa mfupa hautanuki.