Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hajaweza kutembea: nimwandikishe shule ya awali au nisubiri?

Dada yangu, umeeleza kwamba binti yako wa miaka minne ana mtindio wa ubongo (ubongo hauongozi misuli vizuri), hakai bila kushikwa, na ndugu wanakushauri usubiri atembee kwanza ndipo umwandikishe. Mimi na mama watoto tulipewa ushauri huohuo, tukaufuata, tukapoteza mwaka mzima. Mwanangu sasa yuko darasa la tatu na bado hatembei.

Tulichochelewa kukielewa ni kwamba mtoto kama huyu anahitaji kukaa vizuri kabla ya jambo jingine lolote. Asipokaa vizuri hutumia nguvu zake zote kujizuia asianguke: mikono inakakamaa, kichwa kinaangukia nyuma na macho yanabaki darini, kwa hiyo hata ukimwekea picha mbele yake haioni. Sisi tulimlaza mkekani tukidhani tunampumzisha. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, ndiye aliyetuelekeza tumtengenezee kiti, na seremala wa mtaani alikiunda kwa mbao za mabaki baada ya kumpima mtoto mwenyewe: nyonga na magoti vikunjike kama kona ya meza, nyayo zikanyage chini sawasawa, mkanda upite kiunoni, kigingi kilichoviringishiwa kitambaa kikae kati ya mapaja ili miguu isipishane kama mkasi, na mbele pawe na kimeza cha kuegemeza viwiko. Usiazime kiti cha mtoto mwingine, kwa sababu kikiwa kikubwa atateleza mbele na mgongo utapinda. Kama mbao ni ghali, makatoni yaliyobandikwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga na kukaushwa juani hutoa kiti imara, mradi kisilowe.

Kiti hicho kilibadilisha hata chakula. Awali tulimlisha akiwa amelala chali, naye akipaliwa karibu kila mlo. Alipokaa wima, kidevu kikiwa kimeinama kidogo, kijiko kikitokea mbele na si juu, na uji ukiwa mzito kidogo, kupaliwa kulipungua sana. (Akiendelea kupaliwa, mpeleke hospitali, maana chakula kinaweza kuingia mapafuni.)

Kuhusu shule, mwalimu mkuu wa kwanza alituambia tumrudishe akishatembea, nami kwa kutojua nilimshukuru. Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto huyu haki ya kupata elimu kama wenzake, na Sera ya Elimu ya mwaka 2014 iliifanya elimu ya awali kuwa ya lazima. Hata hivyo sikwenda shule ya pili na sheria mkononi. Nilikwenda na kiti. Nilimketisha mtoto mbele ya mwalimu, nikamwomba amshikie vikombe viwili, chekundu na cha bluu, amwulize chekundu ni kipi. Hasemi, lakini alikitazama chekundu mpaka mwalimu akacheka. Tukakubaliana aanze kwa asubuhi mbili kwa wiki.

Kabla ya siku ya kwanza ya shule kagua choo, na mkubaliane ni nani atakayempeleka, kwa sababu kwetu ni choo, wala si masomo, kilichokaribia kumrudisha nyumbani.