Barua kwa mwanangu: waarifu watu wa bima kabla hujasafiri

Mwanangu mpendwa,

Sisi huku Nyegezi hatujambo, na mama yako anakusalimu sana. Barua yako kutoka Bukoba imenifikia. Unauliza kama unalazimika kuieleza kampuni ya bima ya safari kwamba umegundulika kuwa na shinikizo la damu, ilhali bima uliikata na kuilipia kabla hujapimwa, na viza ya Ujerumani umekwisha kuipata. Rafiki yako anakushauri unyamaze, kwa kuwa fomu uliijaza kwa ukweli. Mimi nasema waeleze, tena kwa maandishi, wiki hii hii.

Ni kweli kwamba siku ile hukuwa na la kuficha. Hata hivyo, mikataba mingi ya bima ya safari humtaka mkatiwa bima atoe taarifa endapo afya yake itabadilika kabla ya siku ya kuondoka. Kitafute kifungu hicho kwenye masharti, maana mara nyingi kimefichika katikati ya kurasa. Chukulia kwamba, Mungu apishe mbali, umelazwa huko kwa kiharusi. Kabla ya kulipa, kampuni inaweza kuomba kumbukumbu zako za matibabu, na kadi yako ya kliniki inaonyesha shinikizo la 170/110, dawa ya amlodipini miligramu 5 kila siku, na tarehe iliyotangulia safari. Hapo watakuwa na sababu ya kuyakataa madai yako, nawe utabaki na deni la hospitali ambalo hata tukiuza kiwanja cha Buswelu hatulimalizi.

Taja pia kipimo cha moyo ulichopangiwa hospitali ya Bugando, ingawa majibu bado. Wengi hutaja ugonjwa uliokwisha kupewa jina na kuacha uchunguzi unaoendelea, kumbe fomu nyingi huuliza yote mawili.

Wakishapata taarifa, wanaweza kuuacha mkataba ulivyo, kuongeza ada, kuuondoa ugonjwa huo kwenye kinga ya bima, au kuvunja mkataba. Kinachonitia hofu zaidi ni hilo la tatu, kwa sababu utakuwa na hati mkononi inayolipia mguu uliovunjika na mzigo uliopotea, lakini hailipii jambo lenyewe linaloweza kukulaza. Likitokea, usisafiri hivyo hivyo mwanangu. Tafuta kampuni itakayokubali kuubeba ugonjwa huo, hata kwa ada kubwa zaidi, na uhakikishe kinga ya matibabu haipungui euro 30,000 zinazotakiwa kwa viza ya Schengen, yaani viza ya aina hiyo ya Ujerumani uliyopata.

Usikubali jibu la simu. Andika jina la ugonjwa, tarehe ya kugundulika, dawa, na kipimo cha moyo kinachosubiriwa, uambatanishe barua ya daktari, kisha udai majibu yenye namba ya mkataba wako. Yakifika, nitumie nakala tuyasome pamoja kabla hujaondoka.

Baba yako