Pumu ya ngozi usoni: je, fangasi wamekuwa sugu?

Pole sana dada wa Uyole. Unauliza kama fangasi wa shingoni kwa binti yako, mwenye pumu ya ngozi (ugonjwa wa ngozi kukauka na kuwasha) usoni, wamekuwa sugu, maana vidonge vya griseofulvini havijasaidia. Dawa hiyo ni ya fangasi kama wa mapunye. Hawa wa binti yako, wa jamii ya hamira, Malassezia, haiwawezi tangu mwanzo. Ketokonazoli kwa kawaida huwazuia hata kwa kiasi kidogo. Flukonazoli huhitaji kiasi kikubwa zaidi. Ketokonazoli iwe ya kupaka tu, vidonge vyake vinaweza kuumiza ini.

Na tafadhali, hata baridi ikizidi, usimpake mafuta ya zeituni: fangasi hawa huishi kwa mafuta, hata maabara huwaotesha kwa hayo hayo! Mpake mafuta ya mgando (vaselini), ambayo hayawalishi.

Pumu ya ngozi yenyewe ina dawa yake. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, uulize daktari wa ngozi, ubebe dawa zote alizotumia.