Kabla ya kwenda mradi wa kubadilishana vijana, omba jukumu

Vijana wanaoniuliza kuhusu miradi ya kimataifa ya kubadilishana vijana, ambako vikundi vya vijana wa nchi mbalimbali hukutana kwa siku chache kuishi na kufanya kazi pamoja, huanza na viza, nauli na mahali pa kulala. Ni maswali ya haki kabisa. Lakini ushauri wangu wa kwanza ni mwingine: omba jukumu kabla hujaondoka. Kinachomkuza mtu huko ni kufanya kazi na watu ambao hamfanani.

Ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Mwaka 1920, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimemalizika juzijuzi tu, Mswisi Pierre Cérésole aliwakusanya watu wa mataifa mbalimbali, wakiwemo Wajerumani, wakajenge upya kijiji kilichobomolewa karibu na Verdun, Ufaransa. Walishika sepeto pamoja, na humo ndimo zilimochipuka kambi za kimataifa za kujitolea.

Siku hizi mpango unaojulikana sana ni Erasmus+ wa Umoja wa Ulaya. Miradi yake ya kubadilishana vijana huchukua wenye miaka 13 hadi 30, kwa siku 5 hadi 21 bila kuhesabu za safari. Muda huo ni mfupi. Ukingoja uzoee kwanza ndipo uanze kusema, wenzako watakuwa wanafunga mabegi.

Katika mradi mmoja niliokwenda, mimi niliomba kuongoza tathmini ya jioni, kile kikao ambacho kila kikundi kidogo huzungumzia siku ilivyokwenda. Wengi hukikwepa kwa sababu ya uchovu. Katika kikundi chetu alikuwemo mshiriki aliyekuwa hafungui mdomo. Jioni moja sikuuliza swali lolote; niligawa karatasi na kalamu, kila mmoja achore siku yake. Yeye alichora meza ndefu, watu wamesongamana upande mmoja wakizungumza, na yeye peke yake upande wa pili. Hakuna aliyehitaji maelezo. Waliokuwa wepesi wa Kiingereza ndio waliokuwa wakiamua kila kitu. Tukakubaliana kwamba kuanzia kesho yake kila mtu ataandika wazo lake kwanza, ndipo tujadili. Kazi ilikwenda taratibu zaidi, na igizo tulilokuwa tukiandaa likapata mwisho wake kutoka kwa yuleyule aliyekuwa kimya. Hadi leo nikiendesha kikao chochote, naanza na karatasi.

Usiku wa tamaduni, pale kila nchi inapoonyesha vyakula na ngoma zake, nao ni mtamu, ucheze na ule, ila usitegemee ukufundishe mengi.

Jambo jingine ni Youthpass, cheti wanachopewa washiriki wa miradi hii ya Erasmus+. Sehemu ya kueleza ulichojifunza unaiandika mwenyewe, kwa hiyo usiiachie siku ya mwisho ukiwa na usingizi. "Nimejifunza mawasiliano" haimwambii mwajiri chochote. Andika ulichofanya, pamoja na nani, palipokuwa pagumu, na mlivyopavuka. Mistari michache kila usiku inatosha.

Ukishachaguliwa, waandikie waandaaji uwaulize: nani analipa nini, bima ikoje, na ni kazi gani bado haina mtu. Hilo la mwisho liulize hata kama unaona haya. Wakijibu kwamba kila kitu kimeshapangwa na washiriki ni wa kuja kusikiliza tu, mimi ningetafuta mradi mwingine.