Msiba wa Miaka Mingi, Nimpe Pole Vipi?

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga. Nina mteja ambaye sasa ni rafiki, mama wa Kiyahudi kutoka Argentina, mumewe yuko kwenye shughuli za mkonge. Kaka yake aliuawa na bomu Buenos Aires mwaka 1994. Kila ikifika Julai 18 hatoki nje. Mwaka huu nataka niende, lakini sijui niseme nini kwa msiba wa zamani hivyo, wala nibebe chakula gani. Na jirani kaniambia: "Wewe Mwislamu unawalilia Mayahudi, na Gaza je?" Nimekosa jibu.*
*Fundi wa Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Nenda. Wala usimwombe mtu ruhusa.

Siku ile, ilipokaribia saa nne asubuhi, gari lililojaa baruti lililipuliwa mbele ya jengo la AMIA, jumuiya ya kusaidiana ya Wayahudi wa Argentina. Watu walikuwa wanaingia pale kutafuta kazi na kupanga maziko ya wapendwa wao. Jengo liliporomoka. Walikufa watu 85, na zaidi ya 300 wakajeruhiwa. Walengwa walikuwa Wayahudi, ila waliokufa hawakuwa Wayahudi peke yao: walikuwemo mafundi waliokuwa wakikarabati jengo, wakawemo wapita njia, na mtoto wa miaka mitano aliyekuwa anatembea na mama yake.

Unasema msiba ni wa zamani. Ni wa zamani kwetu sisi tusiomjua marehemu. Mwaka 2024 mahakama ya Argentina ilitamka kwamba Iran iliamuru na Hezbollah, kundi lenye silaha la Lebanon, ikatekeleza; Iran inakanusha. Hakuna aliyefungwa kwa kutega bomu lile. Dada mtu atamalizaje msiba ambao wauaji wake hawajasimama kizimbani? Kila mwaka ndugu hukusanyika palepale, majina yakasomwa moja moja, na umati ukaitikia kwa kila jina, "Yupo!" Rafiki yako yuko Tanga, mbali na sauti hizo. Ndiyo maana nakuhimiza.

Ukifika, usitangulie kuzungumza. Kwa desturi yao, anayekuja kutoa pole huketi kimya mpaka mfiwa aseme kwanza. Kaa naye. Akianza, muulize kaka yake aliitwa nani, alipenda nini, walikuwa wakigombania nini utotoni. Watu huogopa kulitaja jina la marehemu wakidhani wanatonesha kidonda, kumbe mfiwa anatamani sana kulisikia. Ukitaka maneno yao wenyewe, sema, "Kumbukumbu yake iwe baraka." Usimwambie ni mipango ya Mungu. Bomu lile lilipangwa na watu. Usimwambie asamehe.

Sasa jirani yako. Watoto wa Gaza nawalilia, na nitaendelea kuwalilia. Huruma si mchele wa kupimwa kwa pishi, kwamba ukimpa huyu yule atalala njaa. Kaka wa rafiki yako alikufa mwaka 1994 mjini Buenos Aires, hakuamuru vita yoyote. Mkumbushe jirani hadithi iliyomo katika Bukhari: jeneza lilipita, Mtume (s.a.w.) akasimama. Wakamwambia ni la Myahudi. Akasema, "Kwani si nafsi?"

Kisha mkumbushe Kikambala, kwa ndugu zetu wa Pwani ya Kenya, kaskazini ya Mombasa. Novemba 28, 2002, ndani ya Ramadhani, waliotaka kuua Waisraeli waliibamiza hoteli kwa gari la mabomu, wageni ndio kwanza wamewasili. Walikufa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, wakiwemo wachezaji ngoma wa Kigiriama waliokuwa wanawapokea wageni. Hili linaniuma mpaka leo, wale waliotoka nyumbani asubuhi kwenda kucheza ngoma. Nani Pwani anaweza kusema chuki hii haimhusu?

Kuhusu chakula, usipike nyama. Wayahudi wengi wana masharti ya uchinjaji na hata ya vyombo, nawe hujui yeye anashika yapi. Beba matunda mazima yasiyomenywa, hayo hayana tatizo. Julai machungwa ya Muheza yapo tele sokoni. Nunua kapu, na wanao wakubebee, nao waingie wampe mkono.